Leo Umekuja na Nani: Maisha ya Mwalimu Philémon Kasongo Numbi, 1946–2001

Mwalimu Philémon Kasongo Numbi, ambaye tumekuja kumzika Jumapili hii, tarehe 18 Machi 2001, hakupenda hotuba ndefu makaburini. Alisema kwamba anayezitoa huwa amesimama kivulini. Basi wenye miavuli wawafunike wazee, na maneno haya yatasomwa mara moja tu, kwa sauti ya kufika nyuma.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Kabongo, mtoto wa tatu wa Kasongo Jéthro, mkulima wa mihogo na mwimbishaji wa kanisani, na wa Mama Ngoie Banza, msukaji wa mikeka. Kwa baba yake alirithi sauti kubwa bila kurithi uimbaji, na wote waliowahi kusimama karibu naye ibadani wanalijua hilo. Kwa mama yake alirithi namna ya kufundisha. Mama Ngoie alisuka akiwa amezungukwa na watoto wake, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na kipande chake. Mtoto akikosea mstari, mama hakusema umekosea. Alisogea, akauliza, “Unaona nini?” na akangoja. Mtoto aliangalia kazi yake mpaka alipoona mwenyewe mahali ilipopotea, kisha akafumua. Philémon alikuwa mwepesi wa kuona na mzito wa kufumua. Mama yake alilisema hilo mbele ya wageni hadi mwanawe alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Shule ya msingi aliisoma misheni ya Kabongo, kuanzia 1953 hadi 1959. Miaka ya machafuko iliyofuata ilimkuta nyumbani akilima na baba yake, na mwaka 1961 akapata nafasi katika shule ya ualimu hapa Kamina. Alipewa diploma yake mwezi wa Julai 1966. Katika somo lake la mwisho la majaribio, mkaguzi aliketi nyuma ya darasa bila kusema neno. Philémon alikuwa akifundisha mito ya nchi yetu. Alipofika kwenye mto Lomami, mto aliokunywa maji yake tangu utoto, jina likamtoka kichwani. Akasimama na chaki mkononi. Watoto wote walilijua jina, lakini hakuna aliyethubutu kulitamka, kwa kuwa mkaguzi alikuwa amekaa pale. Kengele ilimwokoa. Mwisho wa saa mkaguzi alimpa maoni ya maneno matatu: “Sauti ni nzuri.”

Maneno hayo matatu yalidumu nyumbani mwake. Miaka mingi baadaye, akiunguza maharagwe au akipoteza ufunguo wa baiskeli, mke wake alimwambia tu, “Lakini sauti ni nzuri.” Yeye alicheka kila mara, ila jambo lenyewe halikumtoka. Alijiuliza jinsi mtu anavyoweza kukaa nyuma ya mwalimu saa nzima, akaona yote, na asimwambie alichokiona.

Alianza kazi Septemba 1967 huko Kabondo-Dianda, mahali ambapo wakati wa mvua ubao wa darasa ulifika kabla ya mwalimu, kwa kuwa ubao ulielea na mwalimu hakuelea. Hivyo ndivyo alivyosimulia, na hatuna shahidi mwingine. Mwaka 1970 alihamishiwa Kamina mjini, akafundisha darasa la tatu na la nne hadi mwaka 1991.

Tarehe 10 Julai 1971, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Tshiala, mshonaji, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai na kuzaa watoto wake wote hapa hapa Kamina. Bwana harusi alichelewa. Alikuwa amepita shuleni kuhakikisha madirisha yamefungwa, maana mawingu yalionekana, na mwezi wa saba, kama kila mtu ajuavyo, mvua hainyeshi hapa. Tshiala alimngoja mlangoni pa kanisa na shada lake. Mwalimu alipotokea akitoka jasho, akamuuliza polepole, “Umefunga?” Naye akajibu, “Nimefunga.” Wakaingia. Mungu aliwapa watoto wanne, na ndoa yao ilidumu hadi Ijumaa iliyopita.

Sasa tufike kwenye kazi ambayo kwayo mji mzima unamjua.

Mwaka 1991 mishahara ya walimu ilikuwa haifiki, migomo ikafuata, na shule zikafungwa. Hata zilipofunguliwa, watoto walitoka saa sita mchana na kuzagaa kwenye reli na sokoni hadi giza. Philémon alikuwa na wazo la mahali pa alasiri, ambapo watoto wangesoma, wangecheza na kufanya kazi za mikono chini ya macho ya watu wazima. Mzee Sadiki, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema, alimpa ghala lake la zamani la samaki wakavu. Kituo kilifunguliwa Jumatatu tarehe 3 Februari 1992. Jina lake rasmi lilikuwa refu, na watoto hawakulitumia hata siku moja. Walikiita “Kwa Samaki”, kwa sababu harufu haikuondoka, na haijaondoka mpaka leo.

Watu wazima waliojitolea, ambao tuliwaita walezi, hawakuwa walimu. Wa kwanza alikuwa Mama Rehema, binti wa Mzee Sadiki, muuza vitambaa. Wa pili alikuwa Mama Bolingo, mke wa askari wa Base, ile kambi ya jeshi, aliyepanga chumba mjini auze sabuni. Walikuwa na moyo, lakini moyo peke yake haukutosha. Mama Rehema alisomesha safu ya mbele tu. Mama Bolingo aliuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Wengine walikamata fimbo.

Philémon hakumfukuza mtu wala hakumkemea. Alileta mkeka. Ulikuwa mkeka mkubwa wa mwisho wa mama yake, aliyefariki mwaka 1991 kabla ya kuumaliza. Mwanawe aliumalizia, kwa hiyo upande mmoja umepinda. Akautandika Kwa Samaki Jumamosi asubuhi, siku isiyo na watoto, akawaketisha walezi wote juu yake. Mlezi mmoja alisimama kufundisha kile alichokusudia kufundisha wiki ijayo. Waliobaki walikuwa watoto, na si watoto wa kubuni. Kila mmoja alimchukua yule mtoto aliyemshinda wiki hiyo, akaketi kama yeye na kujibu kama yeye. Somo likiisha, Philémon aliuliza swali la mama yake. Haikuruhusiwa kusema vizuri wala vibaya. Ilikuwa ni kusema ulichokiona.

“Niliona Mama Rehema anaongea paka na batoto ba mbele tu,” alisema Mama Bolingo Jumamosi ya kwanza.

“Juu ba nyuma banasinzia,” akajitetea Mama Rehema.

“Banasinzia juu hauongee nabo, dada. Minyi nilikuwa nyuma. Nilisinzia kweli, hata ndoto nilipata.”

Walicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Jumatatu, Mama Rehema alifundisha akitembea hadi safu ya mwisho. Mama Bolingo naye alichukua muda mrefu zaidi. Ilibidi kila akiuliza swali aweke kipande cha sabuni mdomoni, sabuni ambayo bado imefungwa kwenye karatasi yake, hadi mtoto amalize kufikiri. Baada ya miezi michache hakuihitaji tena.

Mwalimu aliweka sharti moja. Mlezi asiyeketi mkekani Jumamosi, wiki inayofuata hashiki watoto. Atachota maji na kufagia. Mwaka 1995 Philémon mwenyewe alikwenda msibani Kabondo-Dianda akakosa Jumamosi, na Jumatatu alikutwa na fagio. Mzazi mmoja aliyeona aibu alimnyang'anya. Mwalimu akalichukua tena. Tangu mwanzo alitaka kitu kimoja, na aliwaambia waliokuwa karibu naye: kwamba wanaoshika watoto wa watu wasiache kujifunza kazi hiyo, yeye akiwepo au asipokuwepo. Kituo kilichosimama kwa sababu yake tu, alisema, kingelala siku atakayolala.

Hapa lazima tutaje mwaka 1993, kwa sababu kilichotokea baadaye kinatoka huko. Hapa kwetu, ukikutana na mgeni, unamuuliza baba yake ni nani na ametoka wapi. Ni adabu. Tunatafuta mahali ambapo ukoo wake na wetu ulipishana, ili apate kiti na sahani. Mwaka ule swali hilo hilo lilianza kuulizwa kwa sauti nyingine. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa na kupakiwa kwenye treni za kwenda Kasai, hata waliozaliwa hapa. Tshiala aliacha kwenda sokoni, na Mama Rehema akamnunulia chakula. Jirani mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, alikuja kwa Philémon kutoa shauri.

“Mwalimu, bibi yako apande treni. Weye utamufwata nyuma.”

“Minyi na yeye tuko na kitanda kimoja,” Philémon akajibu. “Nikimupakiza, nitalala wapi?”

“Siko nacheka, Mwalimu.”

“Hata minyi.”

Tshiala hakupanda treni. Philémon alianza kwenda naye sokoni mkono kwa mkono, jambo ambalo wanaume wa hapa hawafanyi, akimsalimia kila mwuzaji kwa ile sauti yake kubwa, mpaka watu wakachoka kumtazama. Nyumba yao haikuguswa, na tunamshukuru Mungu.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1998, Kamina ilijaa askari. Mwanzoni mwa 1999 ikajaa waliokimbia. Walifika kwa miguu na kwa baiskeli kutoka upande wa Kabongo na mbali zaidi, wakalala makanisani, chini ya mabaraza, kwenye mabehewa yaliyosimama. Ghafla watoto Kwa Samaki wakawa wengi hata wakakaa nje hadi barabarani. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Baba Gamaliel, fundi seremala anayesema analofikiri, alikuja Jumamosi moja akawakuta walezi wameketi mkekani, mmoja akiigiza mtoto mwenye mafua.

“Mwalimu,” akasema, “bantu banakufa ku Kabongo, weye unachezesha bakubwa pa mukeka.”

“Keti, Baba Gamaliel.”

“Siketi. Inje kuko batoto mingi. Fungua mulango, kila mukubwa mwenye mikono ashike batoto. Jumamosi itarudia kisha vita kwisha.”

Baba Gamaliel hakuwa peke yake. Kamati nzima ilifikiri hivyo, na hata baadhi ya walezi walikuwa wamechoka. Philémon aliwaambia kwamba atafungua mlango, ila akinamama waliokimbia ndio watakaoshika watoto wa kwao, na kila mmoja wao atapita mkekani kwanza. Kamati ilimpa hadi mwisho wa Aprili. Kama hadi wakati huo watoto hawajatulia, Jumamosi ingefutwa. Mtu aliyepitia treni za 1993 bila kutetereka, jioni ile alikula nusu ya bukari, ugali wake wa jioni, akaacha.

Na kwa kweli, mwanzo ulikwenda vibaya. Kwa heshima kubwa, walezi waliamua kuwapokea watoto wageni kama inavyopasa kumpokea mgeni. Kila alasiri, kabla ya michezo, mlezi alimsimamisha mtoto mgeni mbele ya wenzake na kumuuliza kwa upole: baba yako ni nani, na umetoka wapi? Philémon mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo. Alitaka watoto wapate jamaa. Lakini watoto walisimama kimya, na kesho yake hawakurudi. Waliorudi walijificha nyuma ya ukuta mpaka maswali yaishe. Walezi walifikiri ni njaa, au aibu, au kwamba hawakuuliza kwa upole wa kutosha. Wakazidisha upole. Watoto wakazidi kupungua.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Aprili, aliyesimama kufundisha alikuwa Lucien, kijana fundi wa baiskeli aliyejiunga na walezi mwaka 1994. Mama Rehema aliketi mkekani akimwigiza msichana mmoja wa Kabongo aliyekuwa akivuta nguo yake kila anapoulizwa. Lucien akamwinamia.

“Mutoto, karibu. Baba yako njo nani?”

Mama Rehema alivuta nguo yake. Walisubiri, maana walikuwa wamejifunza kusubiri. Alipofungua mdomo, sauti haikuwa ya mchezo.

“Minyi sijibu.”

“Juu ya nini?”

“Juu nikitaja jina yake hapa mbele ya bantu bote, kuko mwenye atasema alikufa, na kuko mwenye atasema iko na bale bengine. Bora ninyamaze.” Akasimama kutoka mkekani. “Lucien, hatuko tunabapokea. Tunabahoji sawa vile basoda pa barrière ya barabara.”

Hakuna aliyecheka wala kuendelea. Philémon, aliyekuwa ameketi upande uliopinda kama kawaida yake, alijiuliza swali la mama yake bila kulitamka, na akaona. Alikwenda nyumbani akamweleza Tshiala. Tshiala alikuwa akishona. Hakuinua kichwa.

“Hii maulizo naijua,” akasema. “Iliniweka ndani ya nyumba miezi mingi. Umesahau?”

“Sikusahau.”

“Basi fumua.”

Philémon, mzito wa kufumua, alifumua alasiri ile ile. Alizunguka kwa walezi mmoja mmoja na baiskeli yake, akawaita tena Jumapili baada ya ibada. Wakaketi. Wakajaribu maswali mengi, kila mmoja akiwa yule mtoto wake, na kila swali likaangukia mahali penye kidonda: ndugu zako wako wapi, unakaa kwa nani, utarudi lini. Mwishowe Mama Bolingo, ambaye mume wake alikuwa vitani na hana habari zake, akasema kwamba yeye angeweza kujibu swali moja tu, swali la leo. Wamuulize amekuja na nani. Maana hata mtoto aliyepoteza wote, leo alifika hapa na mtu: na dada, na jirani, na rafiki wa njiani, na mbwa.

Jumatatu swali likawa hilo. Leo umekuja na nani? Msichana wa Kabongo alijibu, “Na mudogo yangu,” na akamvuta kutoka nyuma ya ukuta. Mwingine akasema, “Na huyu,” akimwonyesha mtoto ambaye hakuwa ndugu yake hata kidogo. Mvulana mmoja alisema amekuja peke yake, na watoto watatu wakapiga kelele kwamba ni mwongo, wamekuja naye. Hata mbwa alikuwapo kweli. Kabla ya mwezi kwisha, kituo kilijaa tena hadi barabarani, na akinamama wa Kabongo wakaketi mkekani Jumamosi wakiwa wengi kuliko walezi wa zamani. Baba Gamaliel alikuja siku ya mwisho wa Aprili, akatazama, akavua viatu vyake, akaketi. Hakusema lolote siku hiyo, jambo ambalo kamati ililiandika kama muujiza.

Katika miaka miwili iliyobaki, swali lile lilitoka Kwa Samaki likaenda mjini. Utalisikia kisimani na kwenye foleni ya chumvi. Wanajeshi wa Base wanaliuliza. Mlikuja hapa leo, na wengi wenu mliulizwa hivyo langoni.

Ugonjwa wa sukari ulijulikana mwezi wa Juni 2000, baada ya kidonda cha mguu wa kushoto kukataa kupona. Alilazwa hospitali. Dawa zilifika mara moja moja, kwa kuwa njia zilikuwa zimefungwa na vita, na wauguzi walifanya yote waliyoweza. Familia inawashukuru. Walezi walitaka kuhamishia mkeka kando ya kitanda chake. Akakataa. Alisema wakizoea kufundishwa na mtu aliyelala, watajikuta wamelala nao. Jumamosi ya kwanza tangu alazwe, alimtuma Tshiala kupita Kwa Samaki mara tatu asubuhi moja kuangalia kama mlango umefunguliwa. Mara ya kwanza ulikuwa umefungwa. Mara ya pili Lucien alikuwa akitandika mkeka, na watu wawili. Mara ya tatu Tshiala alirudi akamwambia hakuweza kupita mlangoni kwa viatu vya watu. Philémon akageukia ukutani, akalala usingizi wa mchana kutwa.

Alipotoka hospitali mwezi wa Oktoba, hakusimama tena kufundisha. Aliketi mkekani, mguu wake ameunyoosha upande uliopinda, akiwa mtoto miongoni mwa watoto. Alichagua watundu tu. Siku moja mwezi wa Desemba alimchukua mtoto aliyepiga miluzi, na akapiga miluzi vizuri kupita kiasi. Lucien alijaribu kila alichojua, kisha akasema kwa upole, macho yakimtazama mzee usoni:

“Mutoto Philémon, toka inje kidogo. Ukiwa tayari, rudia.”

Mwalimu alijishika kwenye ukuta, akasimama, akatoka. Aliketi nje juani mpaka alipokuwa tayari, akarudi, akaomba nafasi yake. Adhuhuri alifika nyumbani akichechemea haraka kuliko kawaida.

“Mama, leo wamenifukuza.”

“Nani amekufukuza?”

“Lucien. Amefanya vizuri kuliko mimi.” Akacheka hadi akatafuta kiti.

Tshiala alimtazama, akamwambia, “Lakini sauti ni nzuri.”

Alifariki Ijumaa tarehe 16 Machi 2001, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake. Alikuwa amemaliza miaka hamsini na mitano siku mbili tu kabla. Alhamisi jioni aliuliza kesho kutwa ni zamu ya nani kufundisha. Aliambiwa ni ya Lucien. Akasema, “Basi.” Hatukumsikia akisema lingine.

Jana ilikuwa Jumamosi. Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu wa kilio, akinamama wamelala chini, wazee kwenye viti, na wengi waliona kwamba wiki hii Jumamosi ingepita bila kazi, kama inavyopasa. Saa mbili asubuhi Baba Gamaliel aliingia langoni na ule mkeka kichwani.

“Bantu ya kilio, musogee kidogo,” akasema. “Iko kazi.”

Shangazi wa marehemu, aliyefika kutoka Kabongo kwa shida nyingi, alisimama. “Munataka kucheza hapa? Mwenye nyumba hajazikwa.”

Tshiala alijibu kutoka mahali alipoketi. “Shangazi, baache batandike. Yeye njo alisema isikose.”

Wakautandika. Somo la wiki hii lilikuwa mito. Lucien alisimama akaanza kufundisha. Alipofika kwenye ule mto unaoanzia karibu nasi akanyamaza na kuwaangalia, na mkeka mzima, Mama Rehema kwa sauti kuliko wote, ukamtajia: Lomami. Watu wa kilio walicheka. Shangazi alicheka pia, akajifuta macho kwa kitambaa, akasogea karibu aone vizuri.

Upande uliopinda ulikuwa umeachwa wazi. Hakuna aliyeupanga hivyo. Kila mmoja aliketi mahali pake pa siku zote, na pake pakabaki. Ndipo alipochelewa kufika mama mmoja mgeni, aliyeingia Kamina wiki mbili tu zilizopita na hakujua nafasi ni za nani. Alitafuta kwa macho, akaona pengo, akaenda akaketi pale pale, akanyoosha miguu. Walezi wakatazamana. Mama Bolingo alitaka kusema kitu, akafunga mdomo wake, akangoja. Lucien akamgeukia yule mama.

“Karibu, mama. Leo umekuja na nani?”

“Nimekuja na hawa,” akasema, akiwaonyesha waliokuwa kulia na kushoto kwake, ambao hakuwajua hata majina.

Na somo likaendelea.

Mwalimu Philémon Kasongo Numbi, mume, baba na mlezi, naye leo hakuja peke yake. Amekuja na mke wake mpendwa, Tshiala. Na watoto wake Esdras, Jéthro, Ngoie na Mbuyi, pamoja na wake na waume zao. Na wajukuu sita. Na dada yake mmoja aliyebaki, Mama Kabange wa Kabongo. Na shangazi yake, Mama Banza. Na Lucien, Mama Rehema, Mama Bolingo, Baba Gamaliel na walezi wote wa Kwa Samaki. Na watoto waliosimama juu ya ukuta, ambao tunawaomba washuke.

Mungu ampumzishe kwa amani katika udongo huu wa Kamina. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, zamu ni ya Mama Rehema.